Inua Shuka Uone!

Unajua. Usiniambie hujui!

Uliona mkono wa mama umevilia damu, ukaambiwa amejigonga mlangoni, ukanyamaza. Ulisikia harufu ya mkojo tangu barazani, ukajifanya ni dawa ya kusafishia, ukanyamaza. Alikushika kidole akakuambia kwa sauti ya chini, "Nirudishe nyumbani, mwanangu", ukamjibu, "Utazoea tu, mama", ukaingia kwenye gari, ukaondoka!

Mara ngapi umejiahidi kwamba utakwenda kuuliza? Ulisema mwisho wa mwezi. Ukasema watoto wamalize mitihani. Ukasema mvua zipungue. Na yeye yuko pale pale, kila mlango unapofunguka anageuza shingo akidhani ni wewe.

Nakuandikia wewe uliyempeleka mzazi wako kwenye makazi ya wazee, au unayemlipa mtu amtunze nyumbani kwake, na tangu siku ile unaishi kwa risiti. Umelipa, umepata risiti, umelala. Amka!

Sikulaumu kwa kumpeleka. Kuna familia ambazo kweli zimefika mwisho: mume na mke wote wako kazini hadi usiku, vyumba viwili vya kupanga ghorofa ya tatu, mzee amepooza upande mmoja, au amesahau hata jina la mwanawe na usiku anafungua mlango na kutoka kwenda barabarani. Tena wapo watawa, wauguzi na wahudumu wanaowatunza wazee wa watu kwa upendo ambao watoto wa kuwazaa tumeshindwa kuuonyesha. Mungu awalipe. Lakini ulipomkabidhi mzazi wako mikononi mwao, ulikabidhi kazi ya kumwogesha, kumlisha na kumgeuza. Hukukabidhi kazi ya kumwangalia. Hiyo ilibaki yako, na umeiacha!

Msikitini umesikia. Kanisani umesikia. Qurani imekukataza hata kumgunia mzazi aliyezeekea mikononi mwako, na Amri Kumi zimetanguliza heshima ya baba na mama kabla hazijafika kwenye kuua na kuiba. Umefundishwa hayo ukiwa mtoto. Sitakufundisha upya. Nakuambia nenda!

Nenda, na usipige simu kwanza. Usiwaambie "nitafika Jumamosi saa nne", kwa sababu Jumamosi saa nne sakafu itakuwa imepigwa deki, wazee wamevishwa nguo safi, wahudumu wamepanga mstari wakitabasamu. Nenda Jumanne jioni wakati wa chakula. Nenda alfajiri zamu zinapobadilishana. Nenda siku ya sikukuu, nusu ya wafanyakazi wakiwa wamepewa ruhusa. Nyumba inayotunza watu vizuri haiogopi saa ya mgeni. Ile inayokuambia wageni ni Jumapili tu, saa nane hadi saa kumi, tena kwa miadi, imekwisha kukuambia jambo zito. Lisikie!

Ukifika, simama mlangoni uvute pumzi. Mahali wanapoishi watu wasioweza kuwahi choo, harufu ya mkojo wa dakika kumi zilizopita haishangazi, na mhudumu mzuri tayari yuko njiani na shuka safi mkononi. Ile iliyoingia kwenye magodoro, kwenye mapazia, kwenye kuta, hiyo ni ya miezi. Deki ya asubuhi moja haiwezi kuitoa.

Sikiliza. Kuna mzee anayeita? Anaita muda gani kabla hajaitikiwa? Tazama saa yako uhesabu. Na yule kijana anayeingia chumbani, anaamkia shikamoo kabla ya kumfunua mtu mzima, au anafunua tu? Mlango anaufunga anapombadilisha nepi, au korido nzima inatazama?

Vyeti vilivyotundikwa ukutani na picha za mgeni rasmi akikata utepe, vitazame kidogo upite. Uliza kama wamesajiliwa, uliza nani huja kuwakagua na lini alikuja mara ya mwisho, kisha songa mbele. Huko mbele ndiko mama aliko.

Tazama jagi la maji. Usiulize kama lipo. Lipo! Tazama limewekwa wapi. Limewekwa kwenye kimeza upande wa kulia, na mama yako amepooza mkono wa kulia. Limejaa hadi ukingoni, kifuniko kina vumbi, na kikombe kando yake ni kikavu. Maji hayo yamewekwa yaonekane na wageni!

Mtu akizeeka, kiu yenyewe hupungua. Mwili unakauka, naye hahisi hamu ya maji. Kwa hiyo mzee hangojwi aombe: anapelekewa, anashikiwa kikombe, anasubiriwa ameze. Tazama midomo yake kama imepasuka, ulimi kama umekauka, mkojo kama umekolea kama chai ya rangi. Na akianza kuropoka ghafla, akachanganya usiku na mchana ilhali juzi alikuwa na akili zake timamu, usikubali kuambiwa "ni uzee tu"! Uzee hauingii kwa siku mbili. Huenda ni upungufu wa maji, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, huenda ni dawa waliyomwongezea. Hilo ni la daktari, na ni la leo.

Sasa inua shuka.

Hapa ndipo wengi mnapokimbia. Najua, wewe ni mtoto wa kiume, na kumfunua mama yako ni jambo zito. Basi nenda na dada yako! Nenda na mkeo! Mchukue shangazi, mwombeni muuguzi wa kike afunue, wao watazame, wewe usubiri nje. Haya haijawahi kukosa njia kwa mtu anayetaka kumwokoa mzazi wake. Lakini miguu yake unaweza kuitazama mwenyewe. Uinue mguu polepole, utazame kisigino kwa nyuma. Kisha wao watazame kifandugu, pale uti wa mgongo unapoishia. Watazame nyonga. Watazame viwiko. Hapo ndipo mfupa unapoikandamiza ngozi juu ya godoro mpaka damu inakosa pa kupita, na nyama inaanza kufa mtu akiwa hai.

Utasikia watu wakisema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa! Tafuta palipozidi weusi kuliko pembeni yake, au palipogeuka zambarau. Paguse. Ni pagumu kuliko kwingine? Pana joto? Anashtuka kwa maumivu? Hicho ni kidonda kinachoanza, hata kama ngozi bado ni nzima.

Madaktari huvipanga vidonda hivi kwa hatua nne. Hatua ya kwanza ngozi haijapasuka. Hatua ya nne ni shimo, na ndani ya shimo unaweza kuona mfupa wa mama yako. Aliye kwenye hatua ya kwanza mara nyingi hupona akigeuzwa, akikaushwa, akiwekewa mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Aliye kwenye hatua ya nne anahesabu miezi, na wengine hawatoki, kwa sababu maambukizi hupenya mpaka kwenye damu. Kati ya hatua hizo mbili huenda kuna wiki chache tu, na wiki hizo ndizo unazozichezea kwa kusema "nitakwenda"!

Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale aliandika katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kitandani, kwa kawaida kosa si la maradhi, ni la uuguzi. Miaka zaidi ya 160 imepita! Wakati ule hapakuwa na antibiotiki, hapakuwa na glavu, na bado alilijua hilo. Wewe leo unaambiwa "ni kawaida ya mtu aliyelala muda mrefu", na unaitikia kwa kichwa?

Asiyeweza kujigeuza anageuzwa. Desturi ya uuguzi ni kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, na kila kugeuzwa kunaandikwa. Omba uonyeshwe karatasi hiyo. Ikiwa haipo, umeshajibiwa. Ikiwa ipo, itazame vizuri: kalamu moja, mwandiko mmoja, saa nane usiku, saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili asubuhi, mwezi mzima bila kukosa hata mara moja? Karatasi hiyo imejazwa kwa kikao kimoja na mtu aliyekuwa ameketi!

Uliza uzito wake. Wasikujibu "anakula vizuri". Ni kilo ngapi? Mwezi uliopita zilikuwa ngapi? Mzani uko wapi? Huko Marekani, mkaazi wa nyumba ya wazee akipungua asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, hiyo ni hatari inayopaswa kutolewa maelezo. Kwa bibi wa kilo 50, asilimia 5 ni kilo mbili na nusu. Kilo mbili na nusu huwezi kuziona amejifunga kitenge! Mzani unaziona.

Keti naye chakula kikiletwa. Tazama kama mtu asiye na meno amepewa ugali mgumu na mchicha usiokatwa. Tazama kama sahani inawekwa, inaondolewa baada ya robo saa ikiwa imejaa vile vile, kisha kwenye daftari wanaandika "amekula".

Na kama ametulia mno, shtuka! Mama aliyekuwa akibishana na kila mtu, sasa analala mchana kutwa, mate yanamtoka, macho hayafunguki. Uliza kila kidonge jina lake, uliza kinatibu nini, uliza ni daktari gani aliyekiandika. Zipo dawa za magonjwa ya akili ambazo hutumiwa kuwanyamazisha wazee wenye maradhi ya kusahau. Mwaka 2005, na tena mwaka 2008, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba dawa hizo zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wa namna hiyo. Ukimya wa chumba usikupe faraja!

Na ukikuta khanga imefungwa kiunoni mwake hadi kwenye kiti, watakuambia ni asianguke. Waulize: ametembezwa lini mara ya mwisho? Nani amemshika mkono kumpeleka chooni? Mtu akifungwa kwa wiki kadhaa misuli inakwisha, na akifunguliwa ataanguka kweli. Marekani ilitunga sheria mwaka 1987, Rais Ronald Reagan akaitia saini, ikimpa mkaazi wa nyumba ya wazee haki ya kutofungwa kwa ajili ya adhabu wala kwa ajili ya kuwapunguzia wafanyakazi kazi. Mama yako ni mtu mdogo kiasi gani hata asistahili haki hiyo?

Lakini usiende kumfokea yule binti wa zamu! Muulize kwanza usiku kuna wahudumu wangapi na wazee wangapi. Akikuambia yuko peke yake na vitanda vimejaa vyumba vyote, piga hesabu mwenyewe: kuwageuza, kuwabadilisha, kuwanywesha, kumkimbilia aliyeanguka. Hata malaika asingeweza. Mwite "mwanangu", mpe asante yake, kisha swali lako lipeleke kwa msimamizi na kwa mwenye nyumba, anayepokea ada zako kila mwezi na kuajiri mtu mmoja wa usiku.

Na wewe uliyevuka bahari! Wewe uliyeko Minnesota, Massachusetts au Texas, unayefanya kazi usiku kucha kwenye nyumba za wazee wa watu wengine, wewe huna udhuru hata kidogo!

Wewe unajua kumgeuza mtu kwa shuka bila kuichubua ngozi yake. Unajua kwamba wakaguzi wa jimbo huja bila kutoa taarifa, na kwamba ripoti yao lazima iwekwe mahali mgeni anapoweza kuisoma pasipo kuomba. Unajua kuwa tangu mwaka 2008 serikali huzipa nyumba hizo nyota, moja hadi tano, na unajua pia, kwa sababu uko ndani, kwamba nyota tano za kwenye karatasi hazimgeuzi mtu saa nane usiku. Yote hayo unayajua kwa ajili ya mama wa Wamarekani. Wako je?

Wako unampigia simu ya video kila Jumapili. Unaonyeshwa uso: umepakwa mafuta, kilemba kipya, mto umeegemezwa nyuma. "Mama hajambo?" "Hajambo kabisa!" Unatuma hela, unakata simu, unakwenda kazini. Wewe, ambaye unajua vizuri kuliko sisi sote kwamba uso unaweza kupakwa mafuta kwa dakika mbili!

Jumapili hii sema: nionyesheni visigino. Sema: zungusheni simu nilione jagi. Sema: mwachieni simu, tokeni chumbani, nataka kuongea na mama yangu peke yetu. Wakisita, usibishane nao. Mpigie binamu yako, rafiki yako uliyesoma naye, mzee wa kanisa, jirani wa zamani, yeyote mwenye miguu na huruma, mtumie nauli, afike jioni hiyo hiyo.

Unasema unaogopa: ukilalamika, watamlipizia yeye ukishaondoka. Hofu hiyo si ya kipuuzi, naiheshimu. Lakini fikiri: ni mzee yupi anayepigwa kofi kwa urahisi, yule ambaye mwanawe hutokea saa yoyote, au yule ambaye hakuna aliyemuulizia tangu Pasaka? Ukimya wako haumlindi. Ukimya wako umewaambia kwamba hana mtu!

Ukikuta mambo hayako sawa, andika. Tarehe, saa, jina la aliyekuwa zamu, maneno yaliyosemwa. Kidonda kipige picha, kwa idhini ya mwenyewe. Mwone msimamizi, useme kwa adabu na bila kurudi nyuma: nataka daktari amwone leo, nataka mpango wa kumgeuza ulioandikwa, nitarudi keshokutwa. Kisha keshokutwa urudi kweli! Usipoona badiliko, peleka maandishi yako kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Wewe wa Kenya, taja Katiba ya 2010, ibara ya 57: inampa mzee haki ya kuishi kwa utu na heshima bila kudhulumiwa, na haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na dola. Wewe wa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003. Umoja wa Mataifa umeitenga hata siku, 15 Juni ya kila mwaka, ya kupinga unyanyasaji wa wazee. Maandishi yote hayo yapo. Hayana miguu ya kuingia chumbani mwake. Miguu unayo wewe!

Na kama maisha yake yako hatarini, usiandike barua nyingine. Mtoe! Mpeleke hospitali. Mpeleke kwako alale sebuleni wiki mbili huku ukitafuta pengine. Sebule itabanwa, watoto watalalamika, utakosa usingizi. Lakini atakuwa hai.

Niseme jambo moja la mwisho, na linaniuma. Siku akifa, nyote mtakuja. Kikundi cha WhatsApp kitafunguliwa saa hiyo hiyo, mweka hazina atachaguliwa, michango itamiminika. Mtakodi basi, mtakodi turubai na viti, mtashona sare, mtachapisha fulana zenye picha yake, na mtoto wa Ulaya atapata ruhusa kazini kwa simu moja. Fedha hizo zilikuwapo wakati wote! Ruhusa hiyo ilikuwapo! Zingemnunulia godoro la hewa, zingemlipa muuguzi wa pili wa usiku, zingekuleta kitandani kwake kila wiki, wewe ukimnywesha maji kwa mkono wako. Ndugu zangu, mnangoja nini? Mnangoja mpaka asiwe na kiu?

Bado anapumua. Bado analijua jina lako, na hata kama amelisahau, mkono wako anaujua. Hujachelewa leo. Sikuahidi kesho!

Kifungue kikundi cha familia sasa hivi, kabla hujaweka gazeti hili chini. Andika nani anakwenda kesho, nani Alhamisi, nani Jumapili, nani usiku. Jina lako liwe la kwanza.